Kompyuta Ikikuonya, Usimkimbilie Fundi



Usiku mmoja mwishoni mwa mwaka 2025, taarifa ya habari ya saa mbili ikiwa ndiyo kwanza imekwisha, nilipigiwa simu na jirani yangu wa huku Chumbageni, Tanga. Ni mwalimu mstaafu, mama mtu mzima aliyefundisha shule za msingi kwa zaidi ya miaka thelathini, na mpaka leo mtaa mzima unamwita kwa jina la kazi yake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa haraka isiyo kawaida yake, kisha akasema:

"Mwanangu, njoo uitazame hii kompyuta. Inapiga kelele kama gari la zimamoto. Imeandika nipige simu sasa hivi, ama sivyo kila kitu changu kitapotea. Nipige?"

"Usipige, mwalimu," nikamwambia. "Usiguse kitu. Nakuja."

Nilipofika nikakuta maonyo mawili juu ya kioo kimoja. La kwanza lilikuwa ukurasa mwekundu uliojaa kioo kizima, wenye king'ora, saa inayohesabu dakika kurudi nyuma, na namba ya simu ya nje ya nchi. La pili lilikuwa limejificha nyuma ya lile la kwanza: kidirisha cha upole, maandishi meusi juu ya rangi nyeupe, kikisema kwamba Windows 10 imefikia mwisho wa kuhudumiwa na kwamba mashine hii haikidhi masharti ya Windows 11.

Nilimwuliza mwalimu hiki kidirisha cha pili kimeanza lini. Akajibu bila wasiwasi: "Hicho? Hicho kipo siku zote. Mimi hukifunga tu, kikafie mbele."

Ndugu msikilizaji, lile lililopiga kelele lilikuwa uongo mtupu, na lile lililonong'ona ndilo lililokuwa na habari ya kweli. Mwalimu wangu, mtu aliyesahihisha maelfu ya madaftari ya watoto wa Tanga, alikuwa tayari kuliamini la uongo na kwa miezi kadhaa amekuwa akilifukuza la kweli kama mtu anayefukuza inzi. Wala simcheki, kwa sababu na mimi nimefanya kosa la jamii hiyo hiyo, tena nikapoteza vitu ambavyo havitarudi. Nitalieleza mbele.

Kwanza tumalize habari ya king'ora. Ukurasa ule hautoki ndani ya kompyuta yako. Ni ukurasa wa intaneti kama kurasa nyingine, uliotengenezwa na matapeli, na hujitokeza pale unapobofya tangazo bovu au unapoingia kwenye tovuti za kupakua filamu za bure. Ukiipiga namba ile atakupokea mtu mwenye sauti ya upole, atajitambulisha kuwa ni fundi wa kampuni kubwa, atakuomba uweke programu itakayompa njia ya kuitawala mashine yako akiwa huko aliko, kisha atadai malipo au atachungulia mambo yako ya benki. Kampuni ya Microsoft, yenye mfumo wa Windows, imekwishasema wazi kwamba maonyo yake halisi hayabebi namba ya simu ya kupiga. Hicho ni kipimo kizuri, na hata mtoto wa darasa la nne anaweza kukitumia: onyo lenye namba ya simu ni la tapeli.

Dawa yake ni nyepesi. Shikilia kitufe cha Esc, kile cha pembeni kabisa juu kushoto, mpaka ukurasa upungue, halafu uufunge. Ukigoma, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka mashine izimike. Ukiwasha tena, programu yako ya intaneti itakuuliza kama ikurudishie kurasa zilizokuwa wazi. Mwambie hapana. Kwa mwalimu kazi hiyo haikuchukua dakika mbili, na king'ora kikanyamaza, na paka wake akarudi kutoka uvunguni.

Sasa tuje kwenye lile la kunong'ona, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kompyuta ina mfumo endeshi, yaani ile programu mama inayoziamrisha nyingine zote. Programu hiyo ina mamilioni ya mistari ya maagizo iliyoandikwa na binadamu, na binadamu hukosea. Makosa mengine ni matundu ambayo mwizi akiyajua anaingilia hapo. Kila tundu linapogunduliwa, watengenezaji hutuma kiraka, na mkusanyiko wa viraka hivyo ndio tunaouita sasisho. Watu wetu wa Pangani na Tongoni wanaoishi na majahazi hawahitaji maelezo marefu hapa. Chombo hata kikiwa kizuri namna gani, mishono yake huachia maji kidogo kidogo, na ndiyo maana hupandishwa pwani kikakalafatiwa. Nahodha asiyekalafati hazami siku ile ile. Huzama siku nyingine kabisa, akiwa mbali, akidhani tatizo ni upepo.

Kama unadhani natia chumvi, kumbuka Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017. Siku hiyo kirusi kilichopewa jina la WannaCry kilisambaa duniani na kufunga mafaili ya watu, kikidai dola 300 za Kimarekani kwa kila mashine ili kuyafungua. Polisi wa Ulaya, Europol, walitaja kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Nchini Uingereza hospitali zilisimamisha miadi ya wagonjwa kwa sababu madaktari hawakuweza kufungua kumbukumbu. Lakini linaloumiza zaidi ni hili: kiraka cha tundu lile kilikuwa kimetolewa tarehe 14 Machi 2017, siku 59 kabla. Mashine nyingi zilizoangamia zilikuwa na Windows 7, ambayo kiraka chake kilikuwepo, kinangoja tu kukubaliwa. Pengine mtu alikuwa akikifunga kidirisha kila asubuhi ili aendelee na kazi.

Hapa naweka ungamo langu.

Miaka kadhaa iliyopita kompyuta yangu ya mezani nyumbani ilianza kuniletea ujumbe kwamba sasisho limeshindikana. Chini ya maneno hayo kulikuwa na namba ndefu inayoanza na sifuri na herufi x. Sikuisoma. Nani anasoma vitu vile? Baada ya wiki mbili za kukerwa niliibeba mashine mpaka kwa fundi mmoja wa Ngamiani. Kijana aliitazama kwa nusu dakika, akaniambia, "Bosi, hapo dawa ni kupiga Windows tu." Nikamwambia piga. Nikalipa shilingi 15,000, na jioni nikarudi na mashine nyepesi, yenye kasi, safi kama nyumba iliyopitiwa na wezi.

Kupiga Windows, kwa wasiojua lugha ya mafundi wetu, ni kuufuta mfumo wote na kuuweka upya. Kijana hakuniuliza kama nina vitu ndani, na mimi sikumwambia. Ndani mlikuwa na saa nyingi za sauti nilizozinasa katika mashamba ya katani kuanzia Muheza hadi Korogwe, wazee waliokuja huku wakiwa manamba, wakieleza safari zao, ujira wao, na nyimbo za kukatia mkonge. Vipande vilivyopita hewani vilibaki kwenye maktaba ya studio. Vile virefu, vyenye kikohozi na kicheko na jogoo anayewika nyuma, vilikuwa kwangu tu. Wazee wengi kati ya wale sasa ni marehemu.

Namba ile niliikuta baadaye kwenye picha niliyoipiga kwa simu ili nimwonyeshe fundi, ambaye naye hakuitazama. Ilikuwa 0x80070070. Maana yake ni kwamba diski imejaa. Basi, hakuna zaidi. Kompyuta ilikuwa ikiniambia: bwana, sina mahali pa kuuweka huu mzigo, punguza vitu. Ningefuta filamu tatu nilizokwisha kuzitazama na kumwaga pipa la taka, ningemaliza kabla chai haijapoa.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuziandika namba. Yafaa na wewe uwe na daftari dogo karibu na mashine. Onyo likitokea, andika tarehe, andika maneno, andika namba nzima bila kuruka hata sifuri, halafu itafute namba hiyo kwenye intaneti kwa simu yako ya mkononi. Mara nyingi utashangaa jinsi tatizo lilivyo dogo.

Kuna namba nyingine inayozitembelea sana nyumba za huku pwani, nayo ni 0x80072F8F. Hiyo mara nyingi ina maana kwamba saa au tarehe ya kompyuta yako imekosea. Utauliza, saa ya ukutani na viraka vya Marekani vinahusiana nini? Vinahusiana sana. Kompyuta inapozungumza na seva ya mbali huonyeshwa hati ya utambulisho yenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na mashine inayoamini kwamba leo ni mwaka 2009 huiona hati hiyo kuwa ya kughushi, ikagoma kuzungumza. Rekebisha tarehe, jaribu tena. Kama kila ukizima inarudi nyuma, basi kibetri kilicho juu ya ubao wa ndani kimekufa. Ni kile cha duara kama sarafu, chenye maandishi CR2032, na wauza saa wanacho. Mashine nyingi za nyumbani kwetu ni za mtumba, zimekwishafanya kazi ofisini Ulaya au Dubai kabla hazijatufikia, kwa hiyo si ajabu kibetri kikawa mzee. Na hii hewa yetu ya chumvi inayokula mabati ya Raskazone haiachi salama viungio vya ndani ya kompyuta. Funika mashine yako usiku, lakini ikiwa imezimwa.

Namba nyingine zinazoanzia na 0x80072E mara nyingi ni habari ya mtandao kukatika katikati ya kupakua. Hapo tunaingia kwenye bando.

Ndugu msikilizaji, nazijua hoja za bando, na ni hoja za haki. Mtu amenunua kifurushi chake cha wiki, amewasha simu aunganishe kompyuta atume barua moja ya maombi ya kazi, na kabla hajamaliza kuandika anwani, kompyuta imekwishalimeza bando lote kwa viraka ambavyo hakuviomba. Akizima sasisho, si kwamba hajui kitu. Ana njaa ya bando. Lakini kuna njia ya katikati. Ndani ya setingi, pale penye habari za mtandao, unaweza kuiambia Windows kwamba mtandao huu wa simu ni wa kupimiwa, nayo itajizuia kupakua mizigo mikubwa. Unaweza pia kuahirisha sasisho kwa wiki moja, hata kufikia siku 35 katika Windows 10. Tofauti kati ya kuahirisha na kuua ni kubwa. Aliyeahirisha atakumbushwa. Aliyeua hasikii tena kitu, na hujiona ana raha.

Tena sasisho lina ratiba, si mgeni wa ghafla. Microsoft hutoa viraka vyake vya kawaida Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa nne asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Kwetu hapo ni saa mbili usiku, na wao wanapobadilisha saa kwa ajili ya majira ya baridi, inakuwa saa tatu. Kwa maneno mengine viraka hutoka wakati mimi na wenzangu tukisoma taarifa ya habari, au mara baada yake. Anayeijua siku hiyo anaweza kutenga bando lake la usiku, akaiacha mashine ikifanya kazi yake yeye akiwa amelala.

Kabla ya kulala, lakini, tazama uniti za Luku. Sisemi kwa mzaha. Katika hatua ya mwisho kompyuta huandika kwamba usiizime, na umeme ukikatika hapo mashine ya mezani haina pa kushika. Mara nyingi ikiwashwa tena itarudisha mambo ilivyokuwa, polepole, ikieleza kwamba inatengua mabadiliko, nawe usiisumbue hata ikichukua saa nzima. Lakini si mara zote hutoka salama. Mkoa huu una mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, maji ya mto wetu wenyewe, na bado hatujazoea kuwasha kitu bila kusema inshallah. Mwenye kompyuta ya mapajani aichaji kwanza ijae. Mwenye ya mezani, kama uwezo upo, anunue kile kisanduku cha betri kinachoishikilia mashine kwa dakika kadhaa umeme unapokatika.

Na kuna jambo dogo ambalo hata watu wa ofisini hawalijui. Katika Windows 10 na 11, kuzima si sawa na kuwasha upya. Ukizima kwa njia ya kawaida, mashine huhifadhi sehemu ya hali yake ili kesho iamke haraka, kwa hiyo matatizo ya leo hulala na kuamka nayo. Ukichagua kuwasha upya, au kuiristati kama wasemavyo vijana, hapo ndipo huanza upya kweli. Sasisho lililokwama siku tatu mara nyingi hupita kwa tendo hilo moja.

Wapo watakaonijibu kwamba masasisho nayo huleta balaa. Ni kweli, na atakayekuambia vingine anakuuzia kitu. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike liliangusha mashine zipatazo milioni 8.5 zenye Windows, kwa hesabu ya Microsoft wenyewe, na abiria wakakwama viwanjani. Hizo zilikuwa mashine za makampuni zaidi kuliko za nyumbani. Lakini jibu kwa hofu hiyo ni nakala. Kabla ya sasisho kubwa, vitu vyako visivyo na mbadala viwe mahali pawili: ndani ya mashine, na nje yake kwenye flashi au diski ya pembeni isiyokaa imechomekwa. Kama mafaili yako ya kwenye diski yamefungwa kwa BitLocker, tafuta ule ufunguo wa akiba wenye tarakimu 48 uuandike kwenye karatasi leo, wakati mashine bado inafunguka, maana baada ya sasisho inaweza kukuuliza, na hapo hakuna fundi wa Ngamiani wala wa Kariakoo atakayekukisia.

Sasa lile onyo la mwalimu. Windows 10 ilitoka mwezi Julai 2015, na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ikaacha kuipa viraka vya bure vya kawaida. Kabla yake Windows 7 ilifikia hapo tarehe 14 Januari 2020. Mashine haizimiki siku hiyo. Inaendelea kuandika barua, kucheza muziki, kufungua intaneti, na ndiyo hatari yenyewe, maana mtu haoni kilichobadilika. Na Windows 11 haimpokei kila mtu. Inataka kichipu cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, na kwa mashine zenye chipu za Intel karibu zote za kabla ya kizazi cha nane, yaani za kabla ya mwaka 2017, zimeachwa nje. Ukiutazama umri wa kompyuta za mtumba zilizoko Makorora, Mikanjuni na kwenye steshenari za mjini, utaona ni wangapi wameachwa gatini meli ikiondoka. Mimi naona hapo pana dhuluma fulani: mashine nzima, haina kosa, imehukumiwa na kampuni iliyo ng'ambo. Lakini kununa hakuzibi tundu.

Mwenye mashine ya namna hiyo anayo ya kufanya. Kwanza ahakikishe kwamba kweli haifai, kwa sababu katika baadhi ya mashine kichipu kipo ila kimezimwa ndani ya setingi za mwanzo, na fundi mwelewa anaweza kukiwasha bila kufuta kitu. Pili, Microsoft ilitangaza nyongeza ya viraka kwa watumiaji wa nyumbani hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila malipo kwa anayeingia kwa akaunti ya Microsoft na kukubali setingi zake zihifadhiwe huko. Tatu, ipo Linux, mfumo endeshi wa bure, wenye matoleo yanayokwenda vizuri kwenye mashine kongwe, na toleo lake maarufu la Ubuntu lilianzishwa mwaka 2004 na Mwafrika Kusini, Mark Shuttleworth. Linataka kujifunza kidogo. Anayeandika barua na kusoma habari tu hatajuta.

Lisilofaa ni kupiga Windows ya kukraki iliyofungwa masasisho makusudi ili mwenye kampuni asigundue. Ni rahisi, nafahamu. Lakini umemkabidhi mtu usiyemjua ufunguo wa nyumba, kisha umefukuza mlinzi.

Nilipomaliza kumweleza mwalimu haya, aliuliza swali lililonikalisha kimya. "Mbona onyo la kweli limeandikwa Kiingereza kigumu, na la uongo Kiingereza chepesi?" Ni swali la mwalimu. Nchi hii ilipiga marufuku kuingiza kompyuta mwaka 1974, milango ikaja kufunguliwa kidogo kidogo katika miaka ya themanini, kwa hiyo wengi wetu tuliigusa mashine tukiwa watu wazima, kwa lugha ya watu. Kazi ya kuifanya iseme Kiswahili imefanyika. Mwaka 2004 Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, na Microsoft nayo ikatoa sura ya Kiswahili ya Windows. Tukabishana sana kama tuseme kompyuta, ngamizi au tarakilishi, na huku tukibishana tukaendelea kutumia Kiingereza. Sura ya Kiswahili ipo, ndani ya setingi za lugha. Nilimwekea mwalimu usiku ule ule, akaanza kusahihisha maneno asiyoyapenda kwa sauti.

Mashine yake haikuwa na kichipu, hata kile kilichozimwa. Alitumiwa na mwanawe kutoka Muscat, na hakutaka kusikia habari ya kuibadilisha. Tukaiandikisha kwenye viraka vya nyongeza. Kabla ya hapo tulinakili mitihani ya majaribio aliyoitunga tangu alipostaafu, anayowapa watoto wa mtaani kila Jumamosi, kwenye flashi mbili, moja akaitia kabatini pamoja na hati ya nyumba.

Siku moja baada ya Jumanne ya pili ya mwezi uliofuata, simu yangu ikalia. Nikaamkia, akaitikia, safari hii bila haraka yoyote.

"Mwanangu, imeshindwa kumaliza, imetoa namba. Nimekwisha kuiandika kwa kalamu nyekundu. Nikusomee, au nianze mwenyewe kupunguza video za harusi?"